Sherida Landveld na Taulo Thelathini na Moja

Sherida Hillegonda Landveld, tunayemzika leo, alizaliwa Paramaribo, Suriname, tarehe 4 Machi 1971, mtoto wa pili wa fundi cherehani Bi Eugenie. Mwaka 1975 mama alivuka bahari na watoto wake kuja Uholanzi. Sherida alilala mapajani mwa dada yake Mavis safari nzima, akamlowesha mara mbili.

Alisoma shule ya msingi hapa Oudervliet, kisha miaka miwili ya ushonaji. Kuchora alijifundisha mwenyewe, kwenye mashuka yaliyochakaa.

Tangu 1990 alifanya kazi katika kiwanda cha kufulia. Kila Novemba, katika gwaride la watoto bandarini, Mtakatifu Nikolasi wa kuigiza alishuka melini na watumishi wake waitwao Piet Mweusi, yaani Wazungu waliojipaka weusi na midomo mikubwa myekundu, na taulo walizojifutia zililetwa kwake. Alizifua huku akimlalamikia dada yake. Mavis alimwambia, "Fua tu, mdogo wangu, nyamaza. Tuna watoto."

Tarehe 12 Juni 1993 aliolewa na Glenn Rustwijk, dereva wa basi. Bwana harusi alipakua pom, kuku wetu wa Suriname wa kuokwa, mara nne, hadi Bi Eugenie akauliza, "Huyu ni mkwe au shimo?" Binti yao Jorinde alizaliwa 1996.

Tarehe 20 Novemba 2004, Bwana Haverkort, mwenyekiti wa kamati ya gwaride, alimpandisha Jorinde wetu mweusi jukwaani kati ya akina Piet, akatangaza kwenye kipaza sauti: "Huyu katuokolea rangi!" Bandari nzima ilicheka. Mtoto alikuwa na miaka minane.

Taulo za mwaka ule Sherida hakuzifua. Alizitundika kwenye kamba mbele ya ukumbi wa manispaa, thelathini na moja, zenye alama za pua na midomo. Chini yake aliandika: "Fueni wenyewe." Alifukuzwa kazi. Mtu alitia kinyesi kwenye sanduku lao la barua. Majirani waliokula mezani kwake walimwambia, "Si mchezo wa watoto tu, Sherida?"

"Mtoto wangu hakucheza," alijibu.

Kila Novemba alirudi bandarini na kamba yake. Kumbi za sanaa zilimwita msanii. Mjini aliitwa majina yasiyosomeka mbele ya jeneza.

Februari 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Mwezi Agosti Bwana Haverkort alifika hospitalini na keki.

"Mwaka huu hakuna rangi nyeusi, Bi Sherida. Umeshinda. Tuyasahau."

"Umemwomba radhi Jorinde?"

"Yule mtoto? Zamani hizo!"

"Basi toka na keki yako."

Mavis ndiye aliyemfungulia mlango wa kutokea.

Sherida alifariki tarehe 3 Septemba 2024, saa tatu asubuhi, Glenn akimpapasa miguu iliyokuwa imepoa.

Ameacha mume wake Glenn, dada yake Mavis, mjukuu wake Zoraya, na binti yake Jorinde, ambaye ameketi benchi la mbele, upande wa kulia. Kamati ya gwaride imeleta shada kubwa. Mavis amelitoa nje, maana maua hayana mdomo. Anayetaka kumwomba Jorinde radhi ana hatua chache tu za kutembea.

Sherida na apumzike sasa. Alisimama miaka mingi.