Mama Zaituni na Magongo Yangu Yaliyorushwa

Bwana asifiwe, ninyi mlioketi, na ninyi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti! Mimi mniwie radhi, nimekuja na changu.

Ndugu zangu, jina langu ni Deogratias. Mchungaji alipotangaza kwamba leo kuna ushuhuda wa kufunguliwa, niliwaona mkiitazama miguu yangu. Kuna mama hapo mbele anaitazama hadi sasa. Mama, pumzika, leo haitembei. Lakini nimefunguliwa kweli, na nitawaeleza.

Polio ilinikamata nikiwa na miaka minne. Marehemu mama yangu alikuwa na imani kubwa na mgongo wenye nguvu. Kila mkutano wa maombezi uliotangazwa Bujumbura alinibeba akanipeleka. Kichwa changu kimemiminiwa mafuta mengi kuliko karai la kukaangia sambusa! Nami nisiposimama, wahubiri walisema, "Huyu imani yake ni ndogo." Nikakua nikiamini kwamba mwenye kosa ni mimi. Nilifunga Jumatano, nikafunga Ijumaa. Sikusimama. Nilikonda tu.

Nilipofika miaka ishirini na sita, mama ameshafariki, nilikwenda peke yangu kwa magongo kwenye mkutano mmoja wa mchana, uwanja wa karibu na bandari. Shemasi mmoja mwenye mikono ya mbeba mizigo akanishika makwapa, akaninyanyua jukwaani. Mwenzake akachukua magongo yangu, akayainua juu. "Hana haja nayo tena!" akapaza sauti, akayarusha katikati ya watu.

Ndugu zangu, vigelegele! Watu walirukaruka! Hata mimi nilishangilia! Kisha yule shemasi akaniachia.

Nilimwangukia mpiga kinanda. Kinanda kikatoa sauti moja ndefu ambayo mpaka leo haijapata wimbo. Na watu hawakujua kwamba nimeanguka mwanguko wa kawaida. Walidhani ni Roho. Wakanifunika kitambaa, ibada ikaendelea.

Mkutano ukaisha, watu wakatawanyika. Magongo yangu hayakuonekana. Nilisikia baadaye kwamba mtu aliyapeleka nyumbani kwake yawe kumbukumbu ya muujiza. Yule mpiga kinanda alikuwa anakunja nyaya zake, akainua pembe ya kitambaa, akanichungulia.

"Ndugu, bado uko na Roho?"

"Apana," nikamjibu. "Niko bila magongo."

Nilishuka jukwaani kwa tumbo. Mpiga kinanda, Mungu ambariki, alikwenda kunitafutia mtu wa mkokoteni aliyekuwa anatoa simenti bandarini. Nikapakiwa juu ya mifuko. Hapo sikucheka, ndugu zangu. Nilifunika uso kwa shati, nikamwambia Mungu: leo nikifika nyumbani nafunga mlango, na hakuna mtu atakayeniona tena. Nilikuwa namaanisha.

Lakini simenti ile ilikuwa inakwenda mtaa wa Buyenzi, na mwenye mkokoteni akasema, "Kule kuna mama mmoja anatengeneza magongo. Tupite." Nilikataa. Ila mtu aliye juu ya mkokoteni wa mwenzake hachagui njia.

Akanishusha kwenye uwanja wa magaraji, mbele ya mwanamke aliyevaa mtandio na miwani ya kuchomelea vyuma. Ndiye Mama Zaituni. Alikuwa ameketi juu ya ubao wenye magurudumu madogo, kwa sababu miguu yake nayo ilikuwa imekunjamana chini yake tangu utoto. Pembeni yake kulikuwa na baiskeli za magurudumu matatu, zile ambazo mtu anaketi na kuzungusha pedali kwa mikono. Zote alizitengeneza yeye, kwa vyuma vya magari yaliyokufa.

"Nani amekupakaza simenti, mutoto yangu?" akauliza.

Nilimsimulia yote nikilia. Alicheka, ndugu zangu! Alicheka mpaka miwani ikamdondoka mapajani. Nikakasirika. Kisha nikaikumbuka sauti ya kile kinanda, nami nikaanza kucheka. Sikuwa nimewahi kucheka jambo lolote la miguu yangu, tangu nizaliwe.

"Mi nao walinipeleka kwa mashehe," akasema akijifuta machozi. "Nilisomewa, nikanyweshwa maji ya dua mpaka tumbo ikawa pipa. Miguu aikusikia kitu. Siku moja nikajiuliza: na iyi mikono? Iko mizima, na amna mutu anaiuliza kitu. Inakaa bure juu ya nini?"

Akanisukumia bomba la chuma. "Shika. Magongo yako utatengeneza mwenyewe."

"Mama, mi sijui."

"Nani alizaliwa anajua? Shika!"

Nilikwenda kuchukua magongo, nikakaa miaka tisa. Magongo yale ya kwanza, moja lilizidi lingine urefu, nikawa natembea kama mtu anayepanda mlima kwenye barabara tambarare. Mama Zaituni alinitazama nikipita, akasema, "Alhamdulillahi, angalau unafika."

Baiskeli ya kwanza niliyoitengeneza mwenyewe tulimpa Espérance, aliyekuwa anauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, nje ya bandari na kutambaa huku amevaa ndala mikononi. Aliketi, akazungusha pedali mara mbili, akapotea. Saa nzima ikapita. Yakapita masaa matatu! Mimi nikasema imekwisha, amegonga lori. Alasiri akarudi, jasho linamtiririka.

"Ulikuwa wapi?"

"Kinindo, kule mitaa ya matajiri."

"Kufanya nini?"

"Kuona watu. Maisha yangu yote nimeona viatu tu. Leo nimeona sura." Akapumua kidogo. "Wengi ni wabaya, we!"

Mwanamke anayesema hivyo, ningemfanyaje? Nilimwoa. Yule pale, anaficha uso.

Siku ile aliporudi kutoka Kinindo ndipo minyororo yangu ilipoanguka. Nilijitazama viganja, vimejaa malengelenge ya moto, nikaelewa kwamba Mungu hakuwahi kuninyima kitu kwa sababu ya imani ndogo. Sikungoja tena kusimama ndipo nianze kuishi.

Mwaka jana Mama Zaituni alitutoka. Tulimsindikiza na baiskeli zetu, Waislamu na Wakristo, jeneza mbele kwenye pikapu, taratibu. Tukafika mteremko. Sasa marehemu alijaliwa mengi, lakini kutengeneza breki hakujaliwa. Baiskeli zikashika kasi, ndugu zangu, tukampita marehemu! Imamu akachungulia dirishani mwa pikapu akipiga kelele, "Jamani, mungojeeni mwenyewe!"

Tukamngojea kwenye lango la makaburi. Wenye miguu yao walifika baadaye wakihema, wanajifuta jasho, na sisi tumeketi tunawasubiri. Hapo ndipo nilipomlilia.

Namshukuru Mungu aliyenipitisha juu ya mifuko ya simenti hadi kwa mama yule. Kama uko hapa leo na umeambiwa imani yako ni ndogo, usifunge mlango. Mtumaini Mungu kwa kile alichokuachia, hata kama ni kidole. Karakana yetu iko Buyenzi, fundi yeyote atakuonyesha, na mlangoni hakuna ngazi.

Na ninyi wenye miguu mizima, njoni pia. Kuna vyuma vizito vya kubeba. Amina!