Tahajia ya Kupigiwa Kura

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Afisa Elimu Kata, Mwenyekiti wa Kijiji chetu na wajumbe wako, walimu wenzangu mliokula vumbi pamoja nami, wazazi mliotoka mashambani huku pamba ikiwasubiri, wanafunzi wangu wa leo na wa zamani, mke wangu mpenzi Mektilda: mwadila, habari za mchana! Naona mhola, amani yetu, imejaa kila kiti.

Mimi Deogratias Bundala ninastaafu leo. Nimesikia sifa nyingi tangu asubuhi. Ndugu Afisa Elimu amesema mimi ni nguzo ya Kiingereza katika kata hii ya Kimali, nami nikainamisha kichwa, mkadhani ni unyenyekevu. Haukuwa unyenyekevu, ndugu zangu. Ilikuwa aibu, na sitaki kwenda nayo nyumbani.

Niliposhuka treni pale Malampaka miaka thelathini na mitano iliyopita, nikadandia lori la pamba mpaka huku, nilikuta shule ina walimu watatu. Mwalimu mkuu wa wakati ule, marehemu Mzee Mayige, alinitazama akasema, "Bundala, wewe una sauti kubwa. Chukua Kiingereza." Hivyo ndivyo nilivyopata somo. Kuzungumza nilijua kidogo, kusoma nilijua. Lakini kuandika! Sisi tumezoea lugha zinazoandikwa kama zinavyotamkwa. Lini herufi moja inakuwa mbili, lini ile *e* ya mwisho inaondoka, lini *y* inageuka? Sikujua, na niliona haya kuuliza.

Je, nilifanyaje? Nikifika kwenye neno nisilo na hakika nalo, ninanyoosha chaki: "Wewe, njoo uandike ubaoni tuone kama umesoma." Akiandika, ninaligeukia darasa: "Sawa au si sawa?" Wakiitikia sawa, nami ninaweka vema. Wakigawanyika, ninahesabu mikono. Wazazi wangu, kwa miaka mingi, darasani kwangu tahajia ya Kiingereza ilipigiwa kura. Na wengi wakishinda, hata kama wamekosea, mwalimu alikuwa upande wao.

Mnacheka. Chekeni tu, hata mimi siku hizi ninacheka. Lakini Sylvester yupo pale nyuma, amevaa shati la bluu. Sylvester alinijia miaka mitatu iliyopita ametoka kwenye usaili Bariadi. Barua yake ilisomwa kwa sauti mbele ya wenzake, wakaicheka. Akaniambia, "Mwalimu, niliwaambia ndivyo nilivyofundishwa, hawakuniamini." Nilimpa soda, nikabadilisha mazungumzo. Sylvester, simama watu wakuone. Ndugu zangu, mwaminini. Ndivyo nilivyomfundisha. Mwanangu, nisamehe.

Asante, kaa.

Sasa niseme nilivyookoka. Mwaka juzi ililetwa barua: mashindano ya tahajia ya shule za msingi, ukumbini Somanda, na mimi nimeteuliwa kuwa mwandishi wa ubaoni. Mtoto akishalitaja neno herufi kwa herufi, mimi ninaliandika kwa usahihi, watu mia tatu wakitazama. Nilihesabu wiki zilizobaki, nikakuta ni tisa. Hakuna mwanafunzi wa kuitwa mbele, hakuna kura. Nikaanza kuandika barua ya kusema nina malaria. Ya wiki tisa zijazo!

Wakati huo alikuwa amepangiwa hapa mwalimu kijana ambaye nilimfundisha mwenyewe akiwa mtoto, Mwalimu Milembe. Milembe ni jina la marehemu mama yangu, na kwa desturi yetu mwenye jina la mama yako ni mama yako. Tangu akiwa darasa la tatu, mwembamba kama bua la mtama, nilikuwa ninamwita mayu, na wenzake wakimcheka kwa kuwa na mtoto mwenye ndevu.

Mwalimu Milembe alipokea darasa la sita kutoka kwangu, akakuta kwenye madaftari makosa yamewekewa vema. Atafanya nini? Mimi ni mkuu wake wa kazi, ni mwalimu wake, ni mzee wake. Mara tatu alikuja ofisini amekumbatia daftari, akasema "Shikamoo, mwalimu," akaulizia habari za mvua, akaondoka. Mara ya nne aliingia bila shikamoo. Akafunga mlango.

"Leo sijaja kama Mwalimu Milembe," alisema. "Nimekuja kama mama yako. Kaa chini, mwanangu."

Nikakaa. Ningefanyaje? Nikasema, "Shikamoo, mayu." Akaitikia "Marahaba" bila hata kutabasamu, akafungua daftari. Nilipoona alichokizungushia duara, nililia. Ndiyo, nililia, mtu mzima. Nikampa na ile barua ya malaria aisome. Aliichana.

Kwa wiki tisa, kila jioni baada ya masomo, tulijifungia stoo, mimi nimekalia gunia la mahindi ya uji wa watoto. Mke wangu akaanza kuuliza mbona ninachelewa na mbona nina chaki mpaka kwenye kola. Mektilda, sasa jibu umelipata. Ni kweli kulikuwa na mwanamke, ila alikuwa mama mkwe wako.

Nilifundishwa kwa mifugo, kwa sababu mwalimu wangu alimjua mtoto wake. "Neno fupi kama *stop*," alisema, "lina irabu moja na konsonanti moja mwishoni. Huyo ni ndama wa kamba moja. Ukitaka kumfungia *ing* nyuma, atashtuka, basi ongeza kamba ya pili: *stopping*. Lakini *read* ana irabu mbili, ni dume zito, halihitaji kamba nyingine: *reading*." *Make* akiona *ing* inakuja, anaiacha ile *e* nje ya zizi: *making*. Nikikosea, ninaandika mara kumi. Nilijaza madaftari manne.

Siku ya Somanda nilivaa suti hii hii. Maneno yakaja, nikaandika. Likaja *swimming*, mkono ukasita, nikaiona kamba ya pili, nikaifunga. Yakapita arobaini bila kosa. Kisha nikaandika neno moja, na msichana wa Maswa mwenye umri wa miaka kumi na moja akanyoosha kidole: "Mwalimu, samahani, hapo umekosea."

Hofu yangu ya miaka yote ilikuwa ni siku hiyo, na hiyo hapo imefika. Nilitazama ubao. Alikuwa sahihi. Nikasema, "Umesema kweli, mwanangu, asante." Nikafuta, nikaandika upya. Msomaji wa maneno akataja neno linalofuata.

Basi, ndugu zangu. Ni hivyo tu. Paa halikuanguka! Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeniondoa. Nilibeba mzigo ule zaidi ya miaka thelathini, na kuutua kulichukua muda wa kufuta neno moja. Niliporudi nilisinzia kwenye basi mdomo wazi, na Jumatatu nikaliambia darasa la sita ukweli wote. Tangu siku hiyo, nisipojua, ninasema sijui. Ni raha ambayo siwezi kuieleza.

Kwenu niliowafundisha zamani, leteni barua zenu nyumbani kwangu kabla hamjazipeleka popote. Kalamu nyekundu ninayo, muda ninao, na safari hii hatutapiga kura. Sylvester, yako iwe ya kwanza.

Mheshimiwa Diwani na ndugu wote, mmenitegea masikio mpaka nimelitua lililokuwa linanielemea. Asanteni, wabeja sana.

Na sasa, Mwalimu Milembe, ninakuona umejificha nyuma ya Mama Esteria. Hebu simama.

Shikamoo, mayu. Nimemaliza kuandika. Naomba kutoka.