Mama Nzowa, Aliyetafuta Ugonjwa wa Sikio Puani

Miaka thelathini na minne ya kazi inaisha Juni 30, siku Tabibu Fausta Nzowa anapovua koti jeupe katika kituo chetu cha afya hapa Tunduma. Uongozi ulitaka habari zake ziandikwe na mtu aliyemwona kila siku. Kwa kuwa wakubwa wana vikao vingi, kazi imeniangukia mimi Yonathani, ninayepiga deki mbele ya mlango wake mwaka wa tisa sasa, mbali na kwetu Ruangwa.

Alianzia zahanati ya Igamba, alikozaliwa, akapita Nanyala, kisha akaletwa hapa. Alikuta utaratibu mzuri sana. Sikio lilitibiwa dirisha la tatu, pua chumba cha tano, na kadi ya sikio haikuruhusiwa kuingia chumba cha pua. Mtoto mwenye usaha sikioni alipewa dawa ya matone, sikio likakauka wiki mbili, akarudi, akapewa matone yaleyale. Idadi ya wagonjwa ilipanda kila mwaka na tukapongezwa.

Mama Nzowa ndiye aliyetuharibia. Alimuuliza kila mzazi mtoto wake analalaje: anakoroma? Anapumua kwa mdomo? Kisha alimshika mtoto mkono na kumpeleka chumba cha tano, kadi ya sikio na yote. Mganga mfawidhi wa wakati ule, Bwana Kasiani, alimwandikia barua ya onyo kwa kosa la kuchungulia kiungo kisichoandikwa kwenye kadi. Mama akaitia barua kwenye fremu na kuitundika juu ya sinki.

Wengi watamkumbuka kwa mtoto Ombeni. Sikio lake la kushoto lilitoa usaha miaka miwili. Baba yake, Osward, wakala wa forodha, alikwisha kulimwagia mafuta ya moto, maziwa ya jirani anayenyonyesha, na matone ya Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Zambia. Shuleni walisema mtoto ni mkaidi kwa sababu akiitwa hageuki. Osward akaamua kumtoa darasa la kwanza, apelekwe Momba kwa bibi yake akachunge mbuzi.

Mama Nzowa alimweleza kwa lugha ya mpakani. Nyuma ya pua kuna kinyama, ndicho kinachomkoromesha mtoto. Bakteria wamekifanya bohari, wamejifunika utelezi ili dawa isiwapate, na kutoka hapo wana njia ya panya mpaka ndani ya sikio. Osward akajipiga paja: "Aisee Mama! Kumbe tunahangaika kukamata mzigo Nakonde, bohari lenyewe liko Tunduma!"

Kinyama kilitolewa Mbeya. Si kila mtoto hupona hivyo. Mama mwenyewe alituonya tusimtangaze kama mganga wa maajabu. Lakini sikio la Ombeni lilikauka, mbuzi wakakosa mchungaji, na sasa mwalimu analalamika kwamba mtoto anasikia hata yanayosemwa ofisini.

Wiki iliyopita fremu iliondolewa, ukuta upakwe rangi kwa ajili ya sherehe. Barua iko stoo, nyuma ya ndoo zangu. Utaratibu wa madirisha bado upo. Kwa hiyo mama yeyote akija na kadi ya sikio, kabla hajafika dirisha la tatu, mpiga deki atamuuliza kama mtoto anakoroma.

Asante, Mama. Nenda Igamba kwenye shamba lako la kahawa, ulale mpaka jua lipande. Na ukikoroma, tutajua ni uchovu tu. Hakuna atakayekuchungulia pua.