Ulimi Niliouazima

Vuteni viti karibu na jiko, wanangu, na wewe mwanangu dereva funga hilo dirisha, maana baridi ya kipupwe hiki imenikuta sina nyama ya kuizuia. Nilisema kitanda changu kiletwe humu jikoni si kwa sababu nimechanganyikiwa, kama alivyonong'ona mdogo wenu karani, bali kwa sababu hiki ndicho chumba chenye moto, na ndicho chumba nilimotenda dhambi ninayotaka kuitua kabla sijaenda. Nimemtuma mkaza mwanangu, mjane wa kaka yenu, akaninunulie maziwa kule mwisho wa barabara, na foleni ya duka lile mnaijua. Sina haja ya maziwa. Nilitaka aondoke, kwa sababu angekuwapo angenikatiza, angesema, "Baba, hayo yameisha, pumzika," nami kwa uoga wangu ningepumzika.

Jungu kuu halikosi ukoko, na leo nitaukwangua wangu hadi chini. Nisikilizeni.

Mnanijua kama mpishi. Miaka thelathini na moja nilipika katika hospitali kuu, kwenye masufuria ambayo mtoto angeweza kuogelea ndani yake, uji wa wagonjwa mia tatu, supu ya waliotoka kupasuliwa, chakula kisicho na chumvi cha wenye shinikizo la damu, na sikumbuki siku hata moja sahani iliyorudi imejaa ila mwenyewe awe amefariki. Mama yenu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema nikifa nizikwe na mwiko. Nilipostaafu nikahamia kwenye jiko hili, nanyi mkawa mnakuja kila kipupwe na watoto wenu, mnakaa kwenye meza hiyo, mnakula, mnasifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilisifiwa mpaka nikatia maji maisha ya mtu.

Sasa sikieni msilolijua. Kipupwe kilichofuata kifo cha kaka yenu, miaka kumi na moja sasa, nilishikwa na homa siku tisa, mnakumbuka, na nilipoinuka ulimi wangu ulikuwa umekufa. Si kwamba nilikosa hamu ya kula. Nilitafuna kitunguu kibichi kama ninayetafuna karatasi. Nilinusa siki, nikanusa sabuni, nikanusa hata soksi zangu mwenyewe, vyote hewa tupu. Nikaenda kwa daktari wa pale pale hospitalini, kijana niliyemlisha tangu akiwa mwanafunzi, akanimulika puani na kooni, akasema, "Mzee, huenda ikarudi, huenda isirudi." Nikamwapisha asimwambie hata mkewe. Haikurudi. Tangu siku ile, wanangu, sijaonja kitu hapa duniani, si chumvi, si sukari, wala zawadi hata moja katika zile mlizoniletea.

Mpishi asiye na ulimi ni nini? Binti yangu, wewe ni fundi cherehani, jiulize ungekuwa nani bila macho. Ningeweza kuwaambia, mngenionea huruma, ningekaa mezani kama wazee wenzangu nikisubiri kupakuliwa. Sikuweza. Mficha uchi hazai, nami niliuficha wangu kwa aproni.

Aliyegundua ni mkaza mwanangu, wiki ya kwanza tu. Aliniona natia chumvi mara mbili kwenye maharage, akachukua kijiko akaonja, akaongeza maji na viazi, kisha akaniambia kwa ile sauti yake ya chini, "Baba, mimi nitakuwa nakuonjea." Nilimkaripia mpaka nikakohoa. Kesho yake nikamwita mwenyewe. Tukapatana ishara, kwa sababu nilimkataza katakata asiseme kwa mdomo mbele ya watu. Akionja akaweka kijiko mpini ukielekea dirishani, chumvi haijatosha. Ukielekea mlangoni, imetosha, nisiguse. Akikilaza kifudifudi, kuna kinachoungua, niepue. Ndiyo maana siku zote mlimwona amesimama nyuma yangu na kijiko, mkacheka, mkasema mjane huyu hajui kupika, kazi yake kulamba vijiko. Binti yangu, maneno hayo uliyasema wewe, nami nilikuwa hapo hapo kwenye jiko, mpini umeelekea dirishani, nikaongeza chumvi nikanyamaza.

Na zile zawadi! Dereva ulikuwa unarudi na lori kutoka njia za mbali, unaniletea jibini gumu lenye gamba, samaki waliokaushwa kwa moshi, tini kavu zilizotungwa kwenye uzi. Karani ulileta mafuta ya zeituni na uyoga mkavu uliofanana na masikio ya panya. Mnafungua mbele yangu, mnanikazia macho: "Onja, Baba, ikoje?" Mkaza mwanangu alikuwa ameshamega kidogo akaonja kule kwenye karo akijifanya anaosha kisu, akanipitia karibu akanong'ona, "Chachu kidogo, mwishoni tamu." Nami nafumba macho, natikisa kichwa, nasema, "Naam, ina uchachu wa mbali, kisha inakuaga kwa utamu." Mnapiga makofi. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu nimeitembea miaka kumi na moja na bado ilikuwa inaendelea.

Niinueni mto kidogo. Hapo. Ahsante.

Sasa nafika penyewe. Kipupwe cha miaka tisa iliyopita, siku wakwe zako, dereva, walipokuja kutujua kabla ya ndoa. Asubuhi ile jirani yetu fundi bomba alinitania mlangoni, "Mzee, siku hizi anayepika ni wewe au mkaza mwanao?" Utani tu, lakini uliniingia kama mwiba wa samaki. Nikarudi ndani nikamfukuza jikoni. Nikamwambia, "Leo napika peke yangu, nenda kapange viti." Alisimama pale mlangoni, hakubishana. Aliniomba neno moja tu: "Baba, niruhusu nionje mara moja kabla hujapakua." Nikamwinulia upawa.

Wewe binti yangu ulikuwa umeniletea kopo la unga wa njano, zawadi, ukaniambia ni kiungo kipya cha supu, kila mtu mjini anakisifia. Nikatia vijiko vitatu vikubwa. Kisha nikatia chumvi yangu ya kawaida, kwa mkono uliozoea. Mtu mwenye ulimi angelamba kidole akajua kwamba unga ule ulikuwa na chumvi tayari, tena chumvi kuliko kitu kingine. Mimi niliutazama tu rangi yake nikaona umependeza.

Mnakumbuka yaliyofuata. Mama mkwe alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Mzee mkwe akaweka kijiko chini polepole, akaomba maji, akaomba tena. Nyote mkanigeukia mimi. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi ulimi wangu uliokufa kwa kuonja ulikuwa mzima kwa kusema. Nikasema, "Samahanini wakwe. Leo nilimwachia mkaza mwanangu apike."

Alikuwa amebeba jagi la maji. Aliliweka mezani, akainamisha kichwa, akasema, "Nisameheni, mkono uliteleza."

Basi. Maneno matatu, akanibebea aibu yangu. Wakwe waliondoka wakisema nyumba isiyojua kupokea wageni haijawa tayari kupokea binti yao, na dereva ukasubiri miezi minane kumwoa mkeo, na miezi yote minane hukumsalimia shemeji yako. Binti yangu ukamwita Bibi Chumvi, watoto wako wakalidaka, mtaa ukalidaka, hata muuza mkaa alimwita hivyo. Aliitika. Na tangu siku ile wewe binti yangu ukaapa kwamba chakula cha mkono wake hakitapita kooni mwako.

Mwanangu, kimepita. Miaka tisa kimepita. Zile supu za uyoga ulizozifungasha ukawapelekea wanao, yule samaki wa moshi na viazi mliyegombea mkia wake kipupwe kilichopita mkisema, "Baba hazeeki mkono," vyote ni vyake. Baada ya siku ile nilivunjika moyo kabisa. Yeye alikuwa akipika kabla hamjafika, nami nilisimama mbele ya jiko mkiwapo, nikakoroga. Kukoroga tu.

Jioni ya siku ile ya wakwe nilimfuata kwenye karo nikataka kumwomba radhi, nikaanza, "Mama..." Akasema, "Baba, sufuria hilo linataka kulowekwa." Nikashukuru kwamba amenikatiza, na kwa shukrani ile nimejichukia hadi leo. Mwaka mmoja baadaye nilimuuliza kwa nini alikubali. Akaniambia kaka yenu, siku mbili kabla hajakata roho, alimshika mkono akamwambia, "Baba ana kitu kimoja tu anachojivunia. Usimwache akipoteze." Amelinda wosia wa mwanangu kuliko mimi nilivyolinda heshima ya mkewe.

Nipeni maji. Kidogo tu.

Jumapili iliyopita mlikaa mezani hapo mkidhani nimelala. Karani ukasema nyumba iuzwe, igawanywe mara tatu, na dereva ukauliza, "Na yule?" Ukajibu, "Apewe nauli arudi kwao." Nauli! Ulimi wangu umekufa, masikio hayajafa. Fadhila ya punda ni mateke, lakini hata punda hupiga teke aliyemlisha akiwa anamwona. Nyinyi mlikuwa mnampiga gizani, na aliyewazimia taa ni mimi, kwa hiyo siwalaumu kama ninavyojilaumu.

Sasa kabati. Najua mmelikodolea macho miaka mingi, mnasema mzee ana hazina humo. Ufunguo uko shingoni mwangu, mtauchukua wenyewe. Ndani mna zawadi zenu. Makopo, mitungi, vifurushi, vyote vya miaka hii ambavyo mkaza mwanangu hakuvitumia kuwapikia, kwa sababu baada ya kopo lile la njano niliogopa kufungua kitu kipya kwa mkono wangu. Vingi vimeharibika. Vitazameni kimoja kimoja kabla ya kuvitupa, mwone mlivyokuwa mkinipenda, nami nilivyokosa hata ujasiri wa kuwaambia siwezi kuuonja upendo wenu.

Nyumba hii, na jiko hili, na kila kilichotundikwa ukutani, ni vya mkaza mwanangu. Nimetia saini, nakala iko kwa wakili, karani usihangaike kutafuta tundu, nimemwomba wakili azibe yote. Kiwanja cha nyuma ni chenu watatu, sawa kwa sawa, msigombanie mpaka kama watoto wanaogombania ukoko. Visu vyangu vya hospitali achukue karani ambaye hajawahi kukata kitunguu, labda aibu itamfundisha. Dereva, wewe nakupa kazi badala ya mali: uongo niliusema mbele ya wakwe zako, na uongo uliosemwa mezani haufutwi uvunguni. Nenda kwao, keti nao, waambie ni mimi niliyepika, ni mimi niliyesema uongo, na mjane yule hakuwa na kosa. Usipunguze neno kunisitiri. Nimesitiriwa vya kutosha.

Na jina lile life leo. Atakayemwita tena Bibi Chumvi ajue ananiita mimi.

Pumzi inapungua... msilie bado, sijamaliza. Wanangu, nimewakosea nanyi pia. Niliwafanya mumdharau mtu bure, nikawaacha mzeeke na dharau hiyo. Nisameheni. Nami nimewasamehe ya Jumapili. Mungu awape meza zisizokauka, awape watoto wasioona haya kuwaambia ukweli, na mkifika umri huu mkapungukiwa, mguu au jicho au ulimi, semeni. Semeni mapema. Mtapata wa kuwaazima.

Shh. Mnasikia?

Anabisha hodi. Siku zote nikiwa peke yangu huingia tu, husukuma mlango kwa bega, hunitania. Mkiwapo nyinyi hubisha. Sikuwahi... sikuwahi kuliona hilo mpaka leo.

Binti yangu. Inuka wewe. Si dereva, wewe. Mfungulie, mpokee hayo maziwa, mikono yake itakuwa imekufa ganzi kwa baridi. Usimwambie ingia. Mgeni ndiye anayeambiwa ingia. Mwambie... mwambie, wifi, mtu habishi hodi kwake.

Nenda, mama. Anasubiri nje.