Behewa la Luanda

Fungeni huo mlango, mkae mahali ninapoweza kuziona nyuso zenu. Jairus, njoo mbele, usijifiche nyuma ya dada yako kama mtu aliyekuja kutoa pole, bado sijafa. Mideva, chukua karatasi na kalamu uandike kwa mkono, kwa sababu simu ya ndugu yako inajua kufuta. Mzee wa mtaa, Khisa, amekuja kuwa shahidi, na ninamshukuru, ingawa najua Jairus alimpelekea jogoo wiki iliyopita ili leo asisikie vizuri. Usicheke, Khisa. Jogoo umekula, sasa nipe masikio. Na yule aliyesimama karibu na mlango, ambaye hakuna hata mmoja wenu aliyempa kiti, ni Khalayi, binti wa marehemu ndugu yangu Philemon. Nimemwita mimi. Mpeni kiti. Nitangoja.

Haya. Sikilizeni sasa, wala msinikate maneno, maana daktari wa Kakamega aliponiambia niende nyumbani nikapumzike, nilielewa. Nimefanya kazi ofisini miaka thelathini na mmoja, na barua za kumuaga mtu kwa adabu ninazijua.

Mimi ni Elkanah, mwana wa Lisamula wa hapa Malinya, niliyezaliwa mwaka 1941. Nyumba hii ni ya Mideva, kwa sababu ndiye aliyenibadilishia shuka. Shamba la juu mligawane ninyi wawili nusu kwa nusu, na mti wa mwisho wa mpaka ni ule mkaratusi, si ule ambao Jairus aliupanda mwezi wa tatu akidhani sioni dirishani. Ng'ombe wote wawili ni wa Jairus. Atawauza kabla ya matanga kwisha, najua, lakini ni wake. Saa yangu ya reli mpeni Mitchel, mjukuu wangu, aliyeniuliza ilikuwa inafanya kazi gani. Ninyi mliniuliza ni ya dhahabu au si ya dhahabu.

Sasa nakuja kwenye kipande cha chemchemi, ambacho ndicho kimewaleta.

Jairus, umemleta mpima ardhi hapa mara mbili nikiwa kitandani. Mara ya kwanza uliniambia ni fundi wa bomba. Umemwahidi mtu wa machimbo kwamba nikishafukiwa utampa kipande kile achimbe dhahabu, na Jumanne iliyopita ukawatuma vijana wakang'oa nduma alizopanda Khalayi pale, wakazitupa njiani zikiwa bado na udongo. Uliposimama hapo nje ukamwambia, "Toka, mama, hati ina jina la baba yangu, baba yako alinyang'anywa kwa ujinga wake," nilikuwa macho. Nilisikia kila neno. Na ulisema kweli kuhusu hati. Kuhusu ujinga ndipo sasa nataka uketi vizuri.

Mnajua hadithi jinsi mlivyosimuliwa, kwamba Philemon alipoteza mali ya baba kwa kutojua kusoma, nami karani nikalipwa ardhi kwa kuwa mwaminifu. Mimi ndiye niliyewasimulia.

Mwaka 1968 nilikuwa Nakuru, kwenye ofisi ya kupanga mabehewa ya mizigo. Pale Nakuru reli inagawanyika: moja inakwenda Kisumu na kuishia Butere, ikipita Luanda, stesheni yetu ya huku, na nyingine inapanda Eldoret kuelekea Uganda. Kazi yangu ilikuwa kuandika lebo, kipande cha karatasi ngumu kinachochomekwa ubavuni mwa behewa, chenye jina la mahali linakokwenda, na watu wa yadi hawakusoma kitu kingine. Mali ya kawaida ilipata lebo nyeupe, nayo ingeweza kulala yadini siku tatu. Mali ya kuoza, yaani maziwa, samaki, matunda na mboga, ilipata lebo ya kijani, na lebo ya kijani ilikuwa amri: behewa hili lisilale popote, lifungwe kwenye treni ya kwanza ya upande huo, hata kama itabidi jingine lifunguliwe liachwe.

Philemon alikuwa mpakiaji mizigo stesheni ya Naivasha. Kazi hiyo nilimtafutia mimi, na sikumwacha asahau. Yeye alikuwa mkubwa, lakini shule nilipelekwa mimi. Yeye alibaki kumchunga Sajini, fahali wa baba, na kabla ya Sajini mama yake Sajini. Huko shule mwalimu alituchapa fimbo kwa kila L iliyotoka mdomoni ikiwa R, hadi ulimi wangu ukanyooka. Wa Philemon haukunyooshwa na mtu. Alisema kama tunavyosema hapa, rori, kurara, karamu ya kuandikia, na kila alipofungua kinywa mbele ya wenzangu nilitamani ardhi inimeze, naye alijua, akazidisha. Mwezi wa nane mwaka huo, nilipompeleka mama yenu na wazazi wake kuwaonyesha nyumbani, Philemon alisimama mbele ya wakwe zangu akaniiga ninavyotembea na ninavyosema "tafadhali", akaniita mzungu wa kuramba wino, na wakwe wakacheka hadi wakafuta macho. Mama yenu pia alicheka. Mnaniona nimekunja ngumi? Miaka hamsini na kitu, na bado.

Desemba ile baba alimuuza Sajini. Fahali aliyeshinda mapigano ya mafahali uwanjani Malinya misimu minne mfululizo, baba alimuuza ili anunue kabichi za Kinangop, behewa zima, azipeleke soko la Luanda kabla ya Krismasi, maana huku ukame ulikuwa umekausha mboga zote. Philemon alizinunua na kuzipakia kwa mikono yake. Ijumaa tarehe 13, karani wa Naivasha akiwa mgonjwa, ni Philemon aliyenipigia simu ya reli.

Akasema, "Erikana, ni mimi. Behewa ya baba imetoka, iko na treni ya saa nne. Karatasi zinafuata kesho. Ipereke Ruanda."

Nikamuuliza, "Wapi?"

"Ruanda!"

Wenzangu wawili walikuwa mezani, sauti yake inawafikia, wameanza kutabasamu. Nikamwambia anitajie herufi moja moja, kama kanuni inavyotaka. Akacheka. Akasema, "Bwana Karani, kwani hujui kwenu? Haya, andika. R, U, A, N, D, A. Nikutajie pia jina ra mama yako?"

Chumba kizima kiliangua kicheko, na si yeye waliyemcheka.

Sasa mjue kwamba mizigo ya nchi ya Rwanda, ambayo sisi makarani tulikuwa bado tunaiandika Ruanda, ilipita kwetu kila wiki kwenda Kampala, na kutoka hapo ikachukuliwa na malori. Mjue pia kwamba barua ya baba ilikuwa mfukoni mwangu, hapa, kifuani, imeandikwa Luanda kwa L, imetaja siku, imetaja kwamba yeye na mama wamekodi mikokoteni sita na watalala stesheni. Nilichukua lebo ya kijani. Nikaandika Ruanda, kupitia Kampala, kwa mwandiko wangu mzuri. Nikaandika kwenye daftari la simu kwamba jina limetajwa herufi kwa herufi na Philemon Lisamula.

Nilitaka kumfundisha. Nilitaka behewa lisimame yadini nusu saa likiwa na lebo ile, kisha nimpigie simu mbele ya wote, nimwambie, umeona ulimi wako unavyotaka kupeleka kabichi za baba? Halafu ningebadilisha. Behewa lilipofika nikaichomeka lebo ubavuni mwake, nikaenda kunywa chai. Niliporudi reli ilikuwa tupu. Treni ya Eldoret ilikuwa tayari kuondoka, watu wa yadi wakaona kijani, wakalifunga behewa la baba nyuma yake, wakafanya kazi yao kama tulivyowafundisha.

Telegramu moja ingelisimamisha Eldoret. Maneno matano. Lakini telegramu inaandikwa jina la aliyeituma na sababu ya kuituma, na mimi nilikuwa natarajiwa kupandishwa cheo mwezi wa kwanza. Nikakaa. Likapita Eldoret, likapita Turbo, likapita Broderick Falls, likapita Bungoma, likatuzunguka kwa kaskazini, na kila stesheni ililisukuma mbele haraka kwa sababu ya lebo yangu, wakati baba yangu ameketi Luanda kwenye jiwe, akiinuka kila aliposikia injini. Alikaa siku sita. Mama alirudi nyumbani siku ya nne akiwa na homa, na hiyo homa mnajua ilikoishia, kaburi lake mnalipita mkienda kuteka maji.

Behewa lilirudishwa tarehe 27. Baba alitaka lifunguliwe mbele yake. Maji meusi yalitiririka hadi kwenye viatu vyake, na harufu yake ilibaki stesheni ile hadi mwaka mpya.

Wakatuita kwenye baraza la uchunguzi. Mzungu mmoja, Mhindi mmoja, na karani wa kuandika. Waliniuliza mara tatu nilisikia nini kwenye simu, na mara tatu nikajibu, nilisikia Ruanda. Philemon akasimama bila kuruhusiwa, akasema, "Erikana anajua Ruanda yetu! Muurizeni! Ni hapo tu karibu na kwetu!" Wakacheka. Akafukuzwa kazi siku hiyohiyo. Baba naye alimnyang'anya kipande cha chemchemi, sehemu bora ya urithi wake, akanipa mimi, akisema mbele ya ukoo kwamba angalau ana mwana mmoja anayejua kusikia. Philemon akaishia kukata miwa ya watu upande wa Butali mpaka mgongo ukapinda, na alipokuja kufa mwaka 2013 akazikwa hatua thelathini kutoka dirisha hili, mimi nilifunga dirisha.

Nyamaza, Mideva. Usilie juu ya karatasi, wino utasambaa.

Na wewe, Khalayi, usiniangalie hivyo. Sikuombi msamaha. Baba yako alikuwa na mdomo mchafu, na angekuwa hai angenitukana hapa hapa nilipolala, nami ningemjibu. Sirudishi ardhi kwa sababu nimempenda. Narudisha kwa sababu ni yake, nami nimekula ndizi za pale miaka hamsini na sita, na sijui hata moja iliyokuwa tamu.

Jairus, kaa chini. Unasema yeye ni mwanamke? Dada yako naye ni nini? Unasema ameachika? Aliachwa na mlevi wa Likuyani. Huo ni uponyaji. Unasema ulishampa mtu wa machimbo neno lako? Basi mpe na ng'ombe wako, ukae naye. Mtu huyo akitia jembe pale, Khisa, wewe ndiye utakayejibu, maana jina lako litakuwa chini ya langu.

Maji. Kidogo tu. Inatosha.

Mambo ya mazishi. Jeneza la bei ya chini. Msiniletee watu wa siasa wala vipaza sauti. Msinizike karibu na Philemon. Yeye mwenyewe hangependa. Nizikeni ng'ambo ya mkaratusi, kichwa kielekee barabara. Mchungaji asiseme nilikuwa mkweli. Aseme nilifika kazini mapema.

Andika sasa, Mideva. Andika polepole. Kipande cha chemchemi, kutoka jiwe la mpaka hadi mtoni, kirudi kwa nyumba ya Philemon Lisamula, kwa mkono wa binti yake... wa binti yake... subiri. Kifua. Kwa binti yake Kharayi. Kharayi wa Phire... wa ndugu yangu.

Nani amecheka?

Jairus. Unacheka nini? Nimesema nini? Khisa, nimesema nini?

Kumbe.

Ulimi umechoka. Umerudi kwa mama. Na wewe unacheka kwa sababu unajua ofisi ya ardhi. Jina likikosewa, karatasi hii utafungia sukari. Mideva, nionyeshe. Lete karibu. Umeandika R. Ndiyo, nilikufundisha mwenyewe, mtoto, andika kinachosemwa. Kata. Nimesema kata. Unamjua, ameketi hapo, mmekua mkichota maji chemchemi moja. Usiandike nilivyotamka. Andika unayemjua. L. Kwa L. Khisa, hakikisha. Haya, shika kidole changu ukitie wino, kalamu siiwezi.

Mungu awalinde. Jairus, nawe pia. Akupe moyo, mimi sikuweza kukupa. Mideva, akupe usingizi, umekesha sana. Khalayi, panda nduma zako kabla mvua haijakatika. Asikukatae mtu. Asi...

Fungueni dirisha. Lile. La upande wake.

Philemon... alisema Ruanda. Aliniambia hivyo, wazi. Andika hivyo, Mideva, mwisho kabisa, chini ya kidole changu.

Alisema Ruanda. Mimi nilisikia Luanda.