Kiti cha Dereva

Enzi za ruksa, ndani ya basi la Bunda, Mwanaupe alimsikia Shomari, mfanyabiashara aliyekaa kiti cha mbele, akilisifu gari lake, jipu la bluu la mtumba: linapita tope la Bugwema bila kusukumwa, ila mafuta linakunywa kama ng'ombe aliyetoka mnadani.

"Sasa mbona uko basini?" akauliza mkulima aliyekaa ubavuni mwa Shomari.

"Nimeliacha kule tulikotoka, Nyakato. Kila asubuhi nakutaga kiti cha dereva kimesogezwa nyuma, kama cha mtu wa miguu mirefu. Na funguo nalalaga nazo."

"Aliyekuuzia nani?"

"Mjane mmoja, kule Buhemba."

"Matanga yalikuwa yameanuliwa?"

"Alikuwa na haraka."

Mkulima akajisogeza pembeni.

Basi liliposimama Bunda, Shomari hakushuka. Pale stendi jipu la bluu lilikuwa likiunguruma, kiti kimesogezwa nyuma, ndani hamna mtu.