Bi Sema Mwenyewe, Fundi Aliyetaka Kuulizwa

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Machi 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, kazi yake kugeuza njia za treni. Kaka yake, tuliye naye hapa leo, ndiye aliyemtangulia kuzaliwa.

Alisoma mpaka darasa la nne. Mwaka 1961 nafasi ya kuendelea ilikuwa ya mtoto mmoja, na baba akamchagua kaka. Marehemu ndiye aliyekuwa hodari darasani, kaka mwenyewe hakatai. Shule aliisamehe. Kutoulizwa hakukusamehe.

Alifundishwa kushona na shangazi yake. Mwaka 1968 akapata kibaraza mbele ya duka la vitambaa, na cherehani ya miguu. Alikuwa na utaratibu wake pale: hakati kitambaa mpaka atakayeivaa nguo aseme mwenyewe anatakaje. Mume akimjibia mke, marehemu huweka mkasi chini na kukunja mikono. Wateja wakambandika jina, Bi Sema Mwenyewe.

Siku moja mama mmoja alimleta bintiye ashonewe gauni la harusi.

"Mikono mifupi," mama akasema. Mkasi ukawekwa chini.

"Wewe mwali, unatakaje?" Binti akamtazama mama yake. Wakakaa mpaka chai ya fundi ikapoa.

"Fundi, utashona au utatutazama tu?"

"Namngoja mwenye mwili."

Binti akajikaza. "Mirefu."

"Utatoka jasho, wewe!"

"Nitoke tu, mama."

Marehemu akachukua mkasi.

Aliolewa Jumamosi, tarehe 5 Desemba 1970, na mumewe, mwashi. Wazee walikwisha kukubaliana, mumewe akaenda kumwona akijua mambo yameiva. Alimkuta anatunga uzi kwenye sindano. "Umemposa baba," akaambiwa. "Mimi bado hujaniuliza." Akauliza palepale. Akaambiwa arudi Jumapili. Wiki ile matofali yake yote yalikaa upande. Jumapili akajibiwa ndiyo. Waliishi pamoja miaka arobaini na minane, na mumewe hakumsikia hata mara moja akisema aliletwa.

Jambo moja hakupatana na kaka yake. Kaka alisema kila kitu kimeandikwa, mtu anapita tu juu ya reli alizotandikiwa.

"Sasa baba pale alikuwa anafanya nini, kaka, kama si kugeuza njia?"

"Na mkono wake wa kugeuzia nao uliandikwa, dada."

Marehemu alicheka. Kukubali, hakukubali.

Sukari ilimpata mwaka 2011. Aprili 2019 akatokwa na kidonda kwenye kisigino cha kulia, kikakataa kufunga. Daktari akasema mguu ukatwe chini ya goti.

"Nisipokatwa?"

"Utakufa, mama."

"Nimekuelewa. Sikatwi."

Watoto walimsihi kutwa nzima. Mmoja alisema ni woga. Mwingine alisema ni mapenzi ya cherehani. Yeye alisema, "Sababu ninazo, na ni zangu." Kaka akasema basi, ndivyo ilivyoandikwa.

"Kama imeandikwa, kaka, mbona mnanibembeleza tangu asubuhi?"

Kaka akavuta shuka. Alimfunika miguu.

Kisha homa ikapanda, akawa hajitambui. Daktari alimletea mumewe karatasi aweke dole gumba, mguu ukatwe upesi. Binti mkubwa akamshika baba yake mkono. "Weka, baba. Hatajua." Dole lilikwisha kupakwa wino. Mumewe alimtazama aliyelala kitandani. Akalifuta kwenye suruali.

Siku ya pili marehemu alizinduka kwa maumivu makali. Akasema, "Wakate." Daktari akasema sumu imepanda mno, hakuna tena la kukata. Binti akamgeukia baba yake: "Unaona? Yale hayakuwa maneno yake, yalikuwa ya ugonjwa."

Marehemu alimsikia. "Yale yalikuwa yangu," alisema. "Na haya yangu. Mwache baba yako."

Alifariki Ijumaa, tarehe 14 Juni 2019, saa nane mchana. Hakulala tu akapitiliza. Aliumia mpaka mwisho, na mumewe hataki isomwe vingine.

Waliokuja kutoa pole wamesema siku yake ilikuwa imefika. Mumewe anawashukuru. Hajui kama ni kweli. Wino umetoka kwenye dole, lakini bado analitazama kila anapoamka. Huenda lingemwokoa. Lakini lingekuwa dole lake yeye, na mguu ulikuwa wa marehemu. Kwa hiyo ameomba iandikwe hapa kwamba marehemu hakuchukuliwa. Aliulizwa, akajibu.

Ameacha mume, kaka, binti mkubwa, ambaye tangu Ijumaa hajasema na baba yake, na baba yake anangoja mpaka atakapotaka mwenyewe, watoto wengine wawili, wajukuu saba, na kitambaa cha buluu kibarazani, ambacho hakijakatwa kwa sababu mwenyewe hajaja kusema anatakaje.

Apumzike, ikiwa ndivyo apendavyo.